Pambo la Kalamu na Deni la Wino

Neno kalamu limetufikia kutoka katika Kiarabu, na Waarabu nao walilipokea kwa Wayunani, ambao kwa neno hilo waliuita mmea ambao sisi twauita tete. Kwa hiyo kabla ya kuwa chombo cha mwandishi, kalamu ilikuwa mmea wa kandoni mwa mto. Wazee wetu waliosoma chuoni waliijua vyema kalamu ya aina hiyo: kipande cha tete kilichokaushwa, kikachongwa ncha kwa kisu kikali, na ncha ikapasuliwa katikati ili wino upate njia ya kushukia. Wino wenyewe ulikuwa masizi yaliyotiwa maji na utomvu wa mti. Chombo hicho hakikuwa na urembo wowote. Kikichakaa hutupwa, na kingine huchongwa.

Urembo ulikuwa mahali pengine. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu kwa kalamu za namna hiyo, na kurasa zake wakazipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakazizungushia fremu za maua na mafundo hata jicho lisitake kuondoka. Mkono ulitumia chombo duni kutoa kitu cha fahari. Kalamu ilikuwa somo, na ukurasa ndio uliokuwa bibi harusi.

Zama zimeyageuza mambo hayo. Leo tunaishi na kalamu iliyovishwa na ukurasa ulio uchi. Ziko kalamu zenye mwili wa fedha, za mpingo uliochongwa, zilizochorwa nakshi za misikiti ya kale, mawimbi ya wachoraji wa Japani au sura za malkia wa Misri. Na aghalabu wanaozimiliki huzitumia kutia saini tu, au huziacha zilale katika visanduku vyake vya mahameli. Silaumu. Mwanadamu hupenda kushika kitu kizuri. Lakini kila pambo lina mwenyewe, na kalamu inapobeba sanaa ya watu wa kale, hapana budi tuulize: watu hao ni nani, na kalamu imewatendea nini?

Swali hilo nataka kuliuliza kwa nchi moja mahususi, nayo ni Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, yaani Iringa na Mbeya, mahali ambapo sisi watu wa pwani na visiwa tumepazoea kupasikia zaidi katika habari za mahindi, viazi na baridi kuliko katika habari za sanaa na maandishi.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Kalamu ya tete ilirithiwa na unyoya wa ndege, kisha na ncha ya chuma. Mwaka 1938 mtu mmoja wa Hungaria aliyekuwa mwandishi wa magazeti, László Bíró, alisajili huko Uingereza kalamu yenye gololi ndogo nchani inayozunguka na kuutoa wino mzito kidogo kidogo. Katika miaka ya 1960 Wajapani wakaiendeleza fikra hiyo, wakatoa kalamu ya gololi inayotumia wino mwepesi wa maji. Hiyo ndiyo peni ya gololi ninayoikusudia hapa. Gololi yake hujilowesha kwa wino upande wa ndani, huzunguka juu ya karatasi, na kuuacha wino huo ukiteremka bila ya mkono kulazimika kukandamiza. Hati yake ni laini, na mtu aliyefundishwa kalamu ya tete akiishika huhisi kwamba amemkuta jamaa wa mbali. Kwa kuwa mtambo wake ni mdogo na hukaa ncha tu, mwili wote uliobaki huwa huru kupambwa.

Watengenezaji wakubwa wameutumia uhuru huo. Kampuni ya Montblanc ya Hamburg, kwa mfano, ilianza mwaka 1992 kutoa kila mwaka kalamu za kuwaenzi wafadhili wa sanaa, na ya kwanza ilibeba jina la Lorenzo de' Medici wa Florence. Kwetu Tanzania mafundi wa vinyago hawakungojea kampuni. Katika vibanda vya watalii, Unguja hadi Arusha, utaziona peni za kawaida zilizovishwa shanga za rangi mwili mzima, na nyingine zilizotiwa ndani ya mpingo. Moja ninayo mimi, niliyoletewa kutoka Iringa. Ni peni ya gololi iliyofumwa shanga nyekundu na nyeupe, na juu ya kifuniko chake yamechorwa maumbo matatu membamba ya watu, kwa rangi ya udongo mwekundu, mfano wa picha za miambani.

Fundi aliyeipamba, kwa kujua au kwa kubahatisha, ameziweka pamoja sanaa mbili zilizo kongwe mno katika nchi ile: ushanga na mchoro wa mwamba.

Tuanze na mchoro. Kilomita chache kaskazini mwa mji wa Iringa, kwa njia ya Dodoma, upo mwamba wa Igeleke. Chini ya paa lake la jiwe wako watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu iliyokoza, kwa namna inayofanana na michoro ya Kondoa, ile iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Wataalamu huinasibisha michoro myekundu ya aina hii na wawindaji na wakusanyaji waliokaa nchi hizi kabla ya wakulima na wafugaji. Walisaga jiwe la rangi, wakalichanganya na mafuta au utomvu, wakachora kwa kidole au kwa kijiti. Kijiti kile, wino ule na ukuta ule: tusipoita hivyo kalamu na ukurasa, tutaviita nini? Hakuna herufi pale, ni kweli. Lakini upo mkono uliotaka jambo likae baada ya mwenyewe kuondoka, na hilo ndilo kusudio la kila aandikaye.

Ushanga una umri mkubwa zaidi ya huo. Katika mapango ya mawe ya Magubike na Mlambalasi, mkoani Iringa, Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na wenzake walifukua tangu mwaka 2006 vifaa vya zama za mawe, na miongoni mwake shanga zilizochongwa kwa magamba ya mayai ya mbuni. Baadhi ya zile za Magubike zimekadiriwa kuwa na takriban miaka elfu hamsini. Mwaka 2021 Jennifer Miller na Yiming Wang walitangaza matokeo ya kupima shanga zaidi ya 1,500 za namna hiyo kutoka Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wakaonyesha kwamba zamani hizo watu wa pande mbili hizo, waliotengana kwa maelfu ya kilomita, walizichonga kwa mtindo mmoja. Maana yake ni kwamba kabla ya barua kulikuwa na ushanga. Mtu aliuvaa, mwingine akauona, akajua huyu ni wetu au si wetu. Ilikuwa habari iliyosomwa shingoni.

Nikiiangalia peni yangu kwa elimu hiyo, siwezi tena kuziona shanga zake kuwa ni urembo wa kuwafurahisha wageni. Shanga hizi za kioo ni za kiwandani, na za namna hii ndizo zilizopelekwa bara na misafara iliyotoka pwani yetu katika karne ya 19. Lakini tabia ya kuvisha kitu ushanga ili kiseme, hiyo misafara haikuipeleka. Iliikuta.

Tukishika njia ya Mbeya, sanaa hazipungui. Kilomita kama 20 kutoka Iringa tutapita bonde la Isimila, ambako Clark Howell alichimba mwaka 1957 na 1958 na kukuta mashoka ya mawe kwa wingi, yaliyochongwa pande mbili kwa ulinganifu ambao kazi ya kukata nyama haikuuhitaji. Majumbani, wanawake wa Kihehe husuka vikapu kwa milulu, mmea wa majimaji ulio wa jamii ya matete. Yaani mmea wa namna ile ile uliotupa sisi kalamu umewapa wao kikapu. Na tukifika mwisho wa mkoa wa Mbeya, wilaya ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, tutawakuta wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, wakifinyanga vyungu kwa mkono bila ya gurudumu, vyembamba na vyepesi, wakivitia mistari ya mapambo kabla ya kuvichoma. Huvipakia mitumbwini na kuvipeleka mnadani, na kutoka hapo vyungu husafiri mbali. Mimi ni mtu wa mashairi, na sina namna nyingine ya kulieleza jambo hili: mkono unaoweza kurudia mstari mmoja kuzunguka tumbo la chungu, ukakutana na mwanzo wake bila ya kupishana, ni mkono unaojua mizani.

Basi hiyo ndiyo hazina ambayo kalamu ya pambo huikopa. Sasa tutazame upande wa pili: kalamu ilipoingia katika nchi hiyo, iliingia vipi?

Haikuingia kama zawadi. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, majeshi ya Uhehe chini ya Mkwavinyika, ambaye tumezoea kumwita Mkwawa, yalilivamia na kulivunja jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, yule ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Nyundo aliuawa, na pamoja naye wakafa Wajerumani wengine na askari zaidi ya mia mbili. Wahehe nao walipoteza watu wengi. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Wajerumani walirudi na mizinga wakaivunja Kalenga, makao ya Mkwawa, pamoja na ukuta wake wa mawe. Mwaka 1896 Tom von Prince, aliyeitwa Sakarani, alianzisha kituo cha kijeshi mahali ambapo leo ni mji wa Iringa. Jina lenyewe la mji ni ushahidi wa kalamu ngeni. Kwa Kihehe neno ni lilinga, maana yake ngome. Sikio la mgeni lilisikia vingine, mkono ukaandika vingine, ramani ikachapishwa, na wenyeji wakabaki na jina lililoandikwa.

Mkwawa alipigana porini miaka minne mingine. Wajerumani waliweka rupia 5,000 kwa atakayekileta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, alipokwisha kuzingirwa, alijipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa, na mwili ukazikwa Mlambalasi. Naam, Mlambalasi ile ile ya shanga. Katika ardhi hiyo moja limelala pambo la mtu wa zama za mawe, asiye na jina, karibu na kaburi la mtu ambaye jina lake lilijulikana hata Ulaya, na bado hakuachiwa kichwa chake.

Nani aliyeiandika habari hii? Sakarani aliandika kitabu chake juu ya vita vyake na Waarabu na Wahehe, kikatoka mwaka 1914. Kabla yake mkewe, Magdalene von Prince, aliyekaa naye Iringa, alitoa mwaka 1903 kitabu kilichotokana na shajara yake. Ni watu walioona kwa macho yao, na mwanahistoria hawezi kuwapuuza. Lakini macho yao yalitazama kutoka ndani ya boma. Kwa miaka mingi aliyetaka kusoma juu ya Uhehe wa karne ya 19 alilazimika kuingia kwa mlango wao, hadi walipotokea watafiti kama Alison Redmayne, aliyekaa na kusikiliza wazee wa Kihehe, na makala yake juu ya Mkwawa na vita vya Wahehe yakatoka mwaka 1968.

Linganisha na pwani. Wajerumani walipoutwaa Mrima, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa upande wa Tanga alikuwa na kalamu yake, naye akatunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Maji Maji ilipowaka mwaka 1905, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia utenzi. Wote wawili waliandika kwa lugha yao, kwa bahari waliyoirithi, wakiwahutubia watu wao. Walishindwa vitani lakini hawakunyang'anywa usimulizi. Lugalo haikupata Hemedi wake. Ilikuwa na waimbaji, ilikuwa na majigambo na nyimbo za kusifu na za kulia, lakini maneno hayo yalikaa vifuani, na kifua kina umri mfupi kuliko karatasi. Ushindi uliowashangaza watu Berlin ulihifadhiwa kwa wino wa walioshindwa siku ile.

Nalisema hili si kwa kujitukuza. Tunapaswa kukumbuka kwamba kalamu ya serikali ya Wajerumani haikushikwa na Wajerumani peke yao. Katika sehemu nyingi za koloni waliwatumia makarani, wakalimani na maakida waliotoka pwani, kwa sababu hao ndio waliojua kusoma na kuandika, kwanza kwa hati ya Kiarabu, kisha kwa hati ya Kilatini. Baba zetu walikwenda bara na kalamu sikioni. Wengine walifundisha watu dini na herufi, na hilo ni jema. Wengine waliandika kodi, adhabu na majina ya watu wa kwenda kubeba mizigo. Na wengi wao waliwaita wenyeji washenzi, neno ambalo Kiswahili kinapaswa kulionea haya. Mtu aliyeweza kuchonga ushanga sawasawa na ndugu yake aliye mbali naye kwa maelfu ya kilomita, au kufinyanga chungu kisichopishana mstari, aliitwa hana ustaarabu kwa kuwa hakujua alifu na be.

Kuna mahali pamoja ambapo kalamu na Uhehe vilikutana mbele ya dunia nzima. Tarehe 28 Juni 1919 mataifa yalitia saini Mkataba wa Versailles, uliofunga vita vikuu vya kwanza. Mkataba huo ni mrefu. Unazungumzia mipaka, meli, makaa na fidia. Lakini Kifungu cha 246 kina mambo mawili ya ajabu. Jambo la kwanza, Ujerumani itakiwe kumrudishia Mfalme wa Hijazi msahafu wa asili wa Khalifa Uthman, ambao ilielezwa kwamba maofisa wa Kituruki waliutoa Madina na kumpa zawadi Kaisari Wilhelm wa Pili. Jambo la pili, Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa kutoka Afrika ya Mashariki. Yote mawili yalipewa muda wa miezi sita.

Msomaji wa pwani na asimame hapo kidogo. Msahafu na fuvu katika kifungu kimoja! Kwa yule aliyeandika mkataba, hivi vilikuwa vitu viwili vya kurudishwa, vya kupoza nyoyo za watu ambao ushirikiano wao ulihitajiwa. Kwetu sisi ni jambo jingine. Kimoja ni maandishi matukufu yanayosemekana kutoka mkono wa kale kabisa wa dini yetu. Kingine ni kichwa cha mtu ambaye habari zake hakuruhusiwa kuziandika mwenyewe. Na waliotia saini, bila ya shaka kwa kalamu nzuri, katika ukumbi wa vioo uliopambwa kuliko kalamu yoyote, hawakuwamo Wahehe.

Fuvu halikuja kwa miezi sita. Wajerumani walisema hawanalo. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen, ambako yalikuwako mafuvu kama elfu mbili, na miongoni mwake mengi yaliyotoka Afrika ya Mashariki. Alichagua moja, kwa vipimo vilivyolinganishwa na vya jamaa za Mkwawa na kwa tundu la risasi. Mwaka 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, na huko liko hadi leo katika makumbusho. Ilichukua miaka 35 kwa wino wa kifungu kimoja kugeuka kuwa tendo. Adam Sapi huyo ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la Tanganyika huru na baadaye la Tanzania, akikalia kiti cha chombo ambacho kazi yake ni kuandika sheria. Nadhani babu yake angecheka kidogo, kisha angenyamaza.

Upande wa Mbeya kalamu ilikuja kwa sura nyingine. Mwaka huo huo wa Lugalo, 1891, wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe, na wenzao wa misheni ya Berlin wakatua jirani, katika nchi ya Wanyakyusa. Walijifunza Kinyakyusa, wakakitilia herufi, wakafungua skuli na kutafsiri maandiko. Anayefanya kazi ya kutafsiri anajua ugumu wake: kila neno unalolichagua linawaacha nje mengine kumi. Hata hivyo herufi zile hazikubaki mali ya misheni. Mtoto aliyefundishwa kusoma zaburi aliweza pia kumwandikia barua kaka yake aliyekwenda migodini, kumdai ng'ombe shemeji yake, kulalamika kwa bwana shauri. Katika miaka ya 1934 hadi 1938 Godfrey na Monica Wilson walikaa na Wanyakyusa wakiandika habari za vijiji vyao vya marika, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu chake Good Company. Ni kazi ya heshima. Lakini ilitoka London, kwa Kiingereza, na bibi wa Kinyakyusa aliyesimulia habari zake hakuweza kukisoma kitabu kilichozaliwa na ulimi wake.

Sitaki msomaji adhani kwamba nalia tu. Nyanda za Juu Kusini za leo si nchi inayongojea kuandikwa. Karatasi yenyewe hutoka huko. Huko Mgololo, wilaya ya Mufindi, kiwanda cha karatasi kilijengwa katika miaka ya 1980 ili kuitumia misonobari ya msitu wa kupandwa wa Sao Hill, na kiwanda hicho, kilichokuja kuuzwa kwa watu binafsi na kuitwa Mufindi Paper Mills, kiliifanya Iringa kuwa mama wa karatasi za nchi hii. Mjini Iringa, tangu mwaka 2003, kituo cha Neema Crafts kimewapa kazi viziwi na watu wenye ulemavu mwingine, na miongoni mwa kazi zao za mwanzo ilikuwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, kilichochemshwa, kusafishwa na kutandazwa hata kikawa ukurasa. Vyuo vikuu vipo Iringa, vipo Mbeya; kimojawapo, kilichoanza mwaka 2005, kinaitwa kwa jina la Mkwawa. Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1914 liwe hospitali, tangu mwaka 2016 limekuwa makumbusho ya mkoa. Nyumba iliyojengwa na wenye kalamu sasa inawasimulia watu habari za wasiokuwa nayo.

Basi kilichobaki ni kazi ya mkono. Tayari yuko mshairi wa bara, M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, aliyeandika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, akathibitisha kwamba Kiswahili kina kifua cha kuubeba msiba ule. Lakini mtu wa Kagera amelipa sehemu yake. Sisi wa pwani tulioitangulia nchi nzima kwa kalamu, je? Tunajivunia kwamba lugha yetu imekuwa lugha ya wote. Lugha ya wote ina wajibu kwa wote. Diwani zetu zimejaa Mombasa, Lamu, Pemba na Tanga, na si vibaya. Lakini ziko wapi tafsiri za nyimbo za vita za Kihehe, za maombolezo ya Kinyakyusa, za nyimbo za wafinyanzi wa Ikombe wanapokanda udongo? Walio na maneno hayo vifuani wanazeeka. Kila mwaka hufungwa kifua kimoja, na hakuna mkataba wa Versailles wa kuturudishia wimbo.

Namna ya kulipa deni hili naiona kuwa mbili. Ya kwanza ni sisi kwenda kusikiliza, si kwenda kufundisha. Mshairi wa kwetu akikaa Kalenga au Tukuyu mwezi mmoja, akayaandika maneno kwa lugha ya mwenyewe kwanza, jina la msimulizi likaandikwa juu yake, kisha ndipo akayaleta katika Kiswahili, atakuwa amefanya jambo ambalo Sakarani na mkewe hawakulifanya. Ya pili, iliyo bora, ni kuiacha kalamu huko. Magazeti na majarida yetu yafungue mlango kwa vijana wa Iringa na Mbeya waandikao, tusiwapime kwa mizani ya pwani peke yake, wala tusiwacheke wakichanganya l na r. Aliyekosea herufi moja hajakosea kama yule aliyeandika Iringa kwa lilinga.

Na kalamu ya pambo? Naipenda, wala simwambii mtu asiinunue. Maumbo yale matatu mekundu juu ya kifuniko ni ya watu ambao hawakutuachia majina, na fundi aliyeyachora upya amefanya wema wa kuwakumbuka. Lakini maumbo hayo yalichorwa kwanza na mtu aliyeubadilisha ukuta mtupu kuwa ukurasa. Kuyatia katika chombo cha kuandikia, kisha chombo kikalala kisandukuni, ni kumwalika mgeni karamuni na kumnyima sahani. Wazee wa Siyu walituonyesha mahali pa pambo: ni pale wino unapotua. Ncha ile ndogo yenye gololi inatosha kabisa kwa utenzi wa beti mia tano, na Lugalo bado haijapata wake.